Mtaro Mmoja Nzuguni

Anayetoka Dodoma mjini kwa barabara ya Dar es Salaam huipita Nzuguni kabla ya kufika Ihumwa na Mji wa Serikali pale Mtumba. Ni kata ya pembezoni mwa jiji, ila kwa shughuli haiko pembezoni tena: stendi kuu ya mabasi iko huku, Soko la Job Ndugai liko huku, na viwanja vya Nane Nane, ambavyo zamani ndivyo vilivyowafanya wageni walijue jina la Nzuguni, viko hukuhuku. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kwamba safari hii inahamia Dodoma kweli, nyumba zimezidi kuota. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika jiji zima. Mtumishi wa wizara, mwenye nyumba ya wageni, wakala wa tiketi na mwanafunzi wa chuo wote wanahitaji intaneti, na kama ilivyo kwa Watanzania wengi, wanaitegemea simu ya mkononi na bando lake. Tatizo lao si upungufu wa nyaya kubwa. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza kujengwa mwaka 2009, mwaka uleule kampuni ya SEACOM ilipoufikisha waya wake wa baharini Dar es Salaam. Kinachopungua ni kipande kifupi cha kutoka barabara kuu hadi mlangoni, na kipande hicho, kwa maoni yangu, kinafaa kuchimbwa mara moja tu na kutumiwa na kampuni zote.

Kwa miaka mingi wazo la kugawana njia moja lilikuwa na kikwazo cha kitaalamu. Kampuni za simu zilizoea mitambo iliyouza uwezo kwa hatua zisizobadilika: megabiti 2 kwa sekunde, kisha 34, kisha 155. Ofisi iliyohitaji megabiti 5 ilinunua laini za mbili-mbili, na kila ilipokua, fundi alirudi na kadi nyingine. Ethaneti imeondoa shida hiyo. Ilibuniwa mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko California na Robert Metcalfe na David Boggs, kwa ajili ya kuunganisha kompyuta na printa za ofisini. (Ni mwaka huohuo chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, ila Ethaneti ndiyo iliyowahi kufika.) Tundu lilelile la swichi linaweza kumpa mteja megabiti 10 leo na 500 kesho, kwa kubadilisha mpangilio kwenye kompyuta ya mtoa huduma. Tena vifaa vyake vimeshuka bei, kwa kuwa viwanda vinavitengeneza kwa ajili ya dunia nzima, kuanzia benki hadi shule.

Lakini kwa Nzuguni jambo kubwa zaidi ni lebo. Kila pakiti ya data inayosafiri kwa Ethaneti inaweza kubandikwa namba inayoonyesha ni ya nani. Mfumo wa awali ulitoa namba 4,094 tu, zinazotosha jengo lakini hazitoshi mji. Mwaka 2005 kikapitishwa kiwango kinachoruhusu lebo ya pili kubandikwa juu ya ile ya kwanza. Fikiria mizigo inayopakiwa stendi: kila kifurushi kina jina la mpokeaji, na vifurushi vya wakala mmoja vimefungwa ndani ya gunia lenye jina lake. Utingo husoma jina la gunia tu na hana haja ya kulifungua. Vivyo hivyo lebo ya nje hutaja kampuni na ya ndani humtaja mteja, hivyo kampuni tano zinaweza kupita katika uzi mmoja wa kioo bila yeyote kugusa mzigo wa mwenzake.

Kwenye nyumba za kuishi ningechagua njia isiyotumia umeme mitaani. Uzi mmoja wa faiba hutoka kituoni, ukapita kwenye kigawanyo kidogo cha kioo, ukatawanyika kwenda nyumba 32 au 64, hata zikiwa umbali wa kilomita 20. Nyumba hizo hugawana takriban gigabiti 2.5 za kushusha data, na vizazi vipya hutoa 10. Njia nyingine ni kuweka kabati lenye swichi kila mtaa na kumpa kila mteja uzi wake. Ni nzuri, lakini kabati linadai umeme, betri, feni ya kupambana na vumbi na joto, na mlinzi wa hizo betri. Hiyo iachwe kwa soko, stendi na ofisi, zinazoweza kuilipia.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa mafundi wenyewe: mtaro ukiwa mmoja, siku greda likiukata kampuni zote zinazimika pamoja. Ni kweli. Ila mitaro mitatu iliyochimbwa sambamba kando ya barabara ileile nayo hukatwa na greda lilelile, na Tanzania ilishaonja ladha ya jambo hilo tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika siku moja baharini. Nyaya zilikuwa mbili, njia ikawa kama moja. Dawa ni duara: vituo viunganishwe kwa pande mbili, upande mmoja ukifuata barabara kuu na mwingine ukizunguka nyuma ya makazi. Ethaneti ina utaratibu wa kugeuza data upande wa pili kwa muda usiozidi sehemu 50 za elfu moja za sekunde, kiasi kwamba anayepiga simu hatambui kitu.

Wengine watasema simu inatosha, hasa baada ya 5G kuanza nchini mwaka 2022. Lakini mnara ni mteja wa faiba kama duka lilivyo. Usipofikiwa na waya wenye nafasi, 5G yake inabaki alama kwenye kioo cha simu. Hoja ya ukiritimba ninaiheshimu zaidi. Mwenye mtaro akiwa pia muuza intaneti, washindani wake hawatalala usingizi, na hiyo ndiyo hali ngumu ya TTCL, kampuni ya simu ya Serikali, inayosimamia Mkongo huku ikiuza faiba kwa wananchi. Stockholm ilitatua hilo mwaka 1994 kwa kuunda Stokab, kampuni ya jiji inayolaza nyuzi na kuzikodisha kwa yeyote, bila yenyewe kuuza intaneti. Hapa kwetu, kampuni za simu zilizokuwa zikijivunia minara yao zimekuwa zikipanga kwenye minara ya kampuni ya Helios Towers tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, na ushindani wa bando haujafa. Mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ikisimamia bei ya kupanga mtaroni, sioni kwa nini chini ya ardhi pawe tofauti na angani.

Inabaki gharama, na sehemu kubwa yake ni jembe na kibali, wala si kioo. Nzuguni bado ina mitaa mingi ya udongo, na operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022 imeshazipa nyumba namba ambazo ramani ya faiba ingezihitaji. Mtaa ukishawekwa lami, kila anayetaka kuvuka ataomba kibali kwa wakala wa barabara, TARURA, atakata lami, kisha atairudisha. Bomba tupu likilazwa kabla, kwenye mtaro uleule unaochimbwa kwa ajili ya maji, kampuni itakayokuja miaka kumi baadaye itafungua mfuniko wa shimo upande huu na kuisukuma faiba yake kwa hewa hadi shimo la pili.