Anakupenda au Anakuchezea? Mwulize Kant

Kuna ubishi mmoja ambao haukosi sebuleni kila sinema ya mapenzi inapoisha: yule jamaa alikuwa anampenda kweli, au alikuwa anamchezea tu? Mmoja atasema asingekuwa anampenda asingelia vile. Mwenzake atajibu kwamba machozi si ushahidi, mbona hata waigizaji wanalipwa kulia. Basi hapo mjadala unanoga mpaka chai inapoa, na mara nyingi, si unajua tena, watu wanakuwa hawazungumzii sinema bali wanazungumziana wao.

Mwezi huu tumemleta msuluhishi ambaye pengine hukumtegemea. Anaitwa Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka 1724 huko Königsberg, mji ambao leo unaitwa Kaliningrad na uko Urusi. Kusema kweli, huyu bwana hakuwa fundi wa mapenzi. Alifariki mwaka 1804 bila kuoa, na alipoandika kuhusu ndoa mwaka 1797 aliieleza kama mkataba wa watu wawili kupeana haki ya kutumia miili yao, maneno ambayo sidhani kama yupo bibi harusi angependa kuyasikia ukumbini. Lakini kwenye suala la mtu kumtumia mwenzake, jicho lake lilikuwa kali kuliko la mama mkwe.

Hoja yake ya mwaka 1785 ni hii: binadamu ana thamani yake mwenyewe, kwa hiyo usimfanye kuwa chombo tu cha kukufikisha unapotaka. Liangalie vizuri hilo neno "tu". Kutumiana kwenyewe si dhambi. Konda anakutumia kupata nauli, wewe unamtumia kufika kazini, na hakuna aliyeonewa, maana kila mmoja anajua kinachoendelea na ameridhia. Ubaya unaanza pale unapompanga mtu kwa mpango ambao hawezi kuuridhia hata akitaka, kwa sababu akishaujua tu, mpango umekufa. Mfano wake Kant ni mtu anayekopa akiahidi kulipa huku anajua fika hatalipa. Mkopeshaji hakupewa nafasi ya kukubali kuibiwa. Amekubali kitu kingine kabisa.

Kwa hiyo ukimchukua Kant kama hakimu wa wapenzi wa kwenye vitabu na sinema, hataanza kuuliza nani alilia au nani alirudi nyumbani mapema. Atauliza: huyu mwenzake aliachiwa nafasi ya kuchagua huku macho yake yakiwa wazi?

WEMA WA LIVRE 56

Tuanze na gwiji wa ulaghai, Valmont. Wengi mnamfahamu kupitia sinema ya mwaka 1988, Dangerous Liaisons, iliyochezwa na John Malkovich, Glenn Close na Michelle Pfeiffer, au kupitia ile ya vijana ya mwaka 1999, Cruel Intentions. Zote mbili zimetoka kwenye riwaya ya Kifaransa ya mwaka 1782, Les Liaisons dangereuses, ya Choderlos de Laclos, iliyoandikwa kwa barua 175 ambazo wahusika wanaandikiana.

Valmont anamtaka Madame de Tourvel, mke wa mtu, mcha Mungu, mwanamke asiye na makuu. Tourvel kaonywa kwamba huyu ni mhuni, kwa hiyo anamtuma mtumishi amfuatilie. Valmont anagundua. Mwingine angekasirika, yeye anafurahi! Anakwenda kijijini ambako familia moja maskini inataka kunyang'anywa vitu vyake kwa sababu ya kodi, analipa livre 56, sarafu ya Ufaransa ya wakati ule, na kuwaokoa watu watano. Wanampigia magoti wakimshukuru. Mtumishi anayaona yote kwa macho yake, anarudi kusimulia, na moyo wa bibi unaanza kulainika.

Sasa hapo ndipo watu wengi tunapokwama. Mbona amefanya jambo jema? Kodi imelipwa, watoto wamelala ndani. Ukihesabu matokeo peke yake, Valmont siku hiyo ana alama nyingi kuliko wanaume wengi waaminifu. Kant hahesabu hivyo. Livre 56 zilikuwa tangazo, ile familia ilikuwa jukwaa, na Tourvel alikuwa mtazamaji asiyejua kuwa kakatiwa tiketi. Aliamini anamchunguza Valmont, kumbe yeye ndiye aliyekuwa anaongozwa. Na kipimo chetu kinafanya kazi vizuri kabisa: angejua kwamba Valmont anajua anafuatiliwa, onyesho lote lingeporomoka hapo hapo.

Baadaye kuna barua mbaya zaidi. Valmont anamwandikia Tourvel akiwa kitandani na mwanamke mwingine, mgongo wa yule mwanamke akiufanya meza. Kila sentensi ina maana mbili. Ukiisoma kama Tourvel, ni mateso ya mtu aliyezama kwenye mapenzi. Ukiisoma kama yule aliyelala pale, ni kichekesho. Na ukiichunguza neno kwa neno, ndugu yangu, uongo wa wazi utautafuta sana.

Hapa inabidi tumshike Kant mwenyewe shati. Mwaka 1794 Mfalme Friedrich Wilhelm II wa Prussia alimkaripia kwa maandishi yake kuhusu dini. Kant akaahidi, kama raia mtiifu kabisa wa Mtukufu Mfalme, kwamba ataliacha somo hilo. Mfalme akafariki mwaka 1797. Mwaka uliofuata Kant akaeleza hadharani kwamba maneno yale aliyachagua makusudi, ili ahadi imfunge kwa kipindi cha uhai wa mfalme yule tu. Kijanja, sivyo? Simfananishi na Valmont, maana mfalme alikuwa anamziba mdomo na Tourvel hakumziba mtu. Ila mpenzi anayekuahidi mambo kwa lugha ya wakili, mwombe arudie kwa Kiswahili cha kawaida.

NIKISEMA YOTE JE?

Kuna msomaji tayari anasema: basi dawa ni kumwambia mwenzako kila kitu. Kabla hujakimbilia huko, tutoke kidogo kwenye hadithi, maana Kant aliwahi kuulizwa jambo hili na mtu wa kweli aliyekuwa anaumia.

Mwaka 1791 alipata barua kutoka Klagenfurt, Austria, kwa binti aitwaye Maria von Herbert, msomaji wa vitabu vyake. Maria alikuwa na mpenzi na alikuwa amemficha habari za uhusiano wake wa nyuma. Akashindwa kuendelea kuficha, akasema. Yule bwana akapoa. Mapenzi yakaisha. Maria anamwandikia Kant kwamba yuko karibu kukata tamaa ya maisha.

Mwaka 1792 Kant alijibu. Alitenganisha mambo mawili ambayo wapenzi wengi hadi leo wanayachanganya: kutosema kila kitu, na kusema kisichokuwapo. La kwanza ni udhaifu wa kibinadamu, hakuna anayeweza kufungua moyo wote kwa mwingine. La pili ndilo linalovunja. Akaongeza kwamba kama yule bwana alimpenda Maria kwa tabia yake, muda utamrudisha, na asiporudi basi yalikuwa zaidi mapenzi ya mwili, ambayo yangepoa tu hata bila kuungama.

Jibu ni zuri kwenye karatasi. Lakini Maria aliandika tena mwaka 1793, bado ana ukiwa mkubwa, na safari hii Kant alizichukua barua zake na kumpa binti mmoja wa familia rafiki, Elisabeth Motherby, zimfundishe jinsi hisia zinavyoweza kumpoteza mtu. Mwanafalsafa Rae Langton alikiandikia kisa hiki mwaka 1992 na hakumwonea Kant haya: mwanamke aliyeomba mazungumzo aligeuzwa kuwa mfano wa onyo. Nakubaliana naye. Kwa kipimo cha mwaka 1785, mzee alijifelisha mwenyewe. Maria alijiua mwaka 1803.

Kipimo chenyewe hakifi kwa hilo, lakini tujue kwamba ukweli una gharama, na kuna watu walioilipa.

PETE YA PORTIA

Turudi jukwaani, kwa wapenzi ambao wasomaji wa Kiswahili tunao tangu mwaka 1969, Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare na kuiita Mabepari wa Venisi.

Bassanio hana kitu. Anapomweleza rafiki yake Antonio kuhusu Portia, anaanza na utajiri wa dada huyo, uzuri unafuata, tabia njema inakuja mwisho. Aisee! Ili aende akachumbie kwa heshima, Antonio anajifunga kwa Shylock kwa dukati 3,000, dhamana ikiwa ratili ya nyama ya mwili wake. Wengi humwita Bassanio mwinda mali na kufunga faili. Kant angekwenda taratibu zaidi. Kupenda mwenye mali si kosa kama mwenye mali anajua. Na Portia alijua mgeni wake ni maskini, alishaambiwa. Asichojua ni deni. Hilo Bassanio analisema baada ya kushinda mtihani wa masanduku matatu, tena kwa sababu barua ya balaa imefika kutoka Venisi. Pale ndipo alipoteleza.

Lakini kesi ngumu ni ya Portia, mpenzi wa wote. Anampa Bassanio pete na kumwambia akiitoa ni dalili mapenzi yamekufa. Kisha anajigeuza wakili mwanaume, anakwenda Venisi, anamwokoa Antonio mahakamani, anakataa malipo na kuomba kitu kimoja tu: ile pete. Bassanio anakataa na kueleza sababu. Antonio anambembeleza: huyu mtu ameniokoa maisha! Pete inatoka.

Je, Bassanio ni msaliti? Alitoa pete kwa mtu aliyeokoa uhai wa rafiki yake, chini ya shinikizo lililotengenezwa na mkewe mwenyewe. Mtego ulifanya kazi kwa sababu hakujua anazungumza na nani. Unaiona alama ya vidole? Ni ile ile ya Valmont, ingawa Portia anajifunua usiku ule ule na kurudisha pete, jambo ambalo Valmont hakulipanga hata siku moja.

(Kuna watakaoniuliza kuhusu Penelope wa kwenye Odyssey, aliyefuma mchana na kufumua usiku kwa miaka mitatu kuwahadaa wachumba. Kant angemkaripia, maana hakuruhusu uongo hata kwa muuaji aliye mlangoni. Wale wachumba walikuwa wamevamia nyumba wanakula mali ya watu. Hapo mimi na Kant tunaachana njia panda.)

Sasa wenzangu wa kumtumia mpenzi meseji kwa laini mpya, ukijifanya dada mgeni mliyeonana kwenye harusi, mpo? Akijibu, umemkamata anavyomjibu mtu ambaye hayupo. Asipojibu, utajuaje kama ni mwaminifu au ameshtukia tu? Na akikuuliza wiki ijayo ile namba ilikuwa ya nani, utamjibu nini?

Portia alikuwa na maumivu ya haki, tusimwonee. Pale mahakamani, akiwa ndani ya joho la uwakili, alimsikia mumewe akisema kwamba yuko tayari hata kumtoa mke wake sadaka ili Antonio apone. Kwa bibi harusi wa siku chache, maneno hayo yanachoma kuliko pete kumi. Angeweza kumwambia walipofika nyumbani: nilikuwepo, nilikusikia, ulimaanisha nini? Pazia linafungwa na swali hilo halijaulizwa. Kwenye ugomvi wote wa usiku ule, wanazungumzia pete.