Johannesburg: Testosteroni na hatari ya damu kuwa nzito

Wanaume wanaotumia homoni ya testosteroni, kwa agizo la daktari au kwa siri, wanakabiliwa na hatari ya chembe nyekundu za damu kuzidi kiasi. Katika mji wa Johannesburg, ulio takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, hatari hiyo inahitaji uangalifu zaidi.

Kazi ya chembe nyekundu ni kubeba oksijeni mwilini. Kipimo kiitwacho hematokriti huonyesha ni sehemu gani ya damu iliyojazwa na chembe hizo. Kwa mwanamume mzima, aghalabu ni kati ya asilimia 40 na 50. Sehemu hiyo ikizidi, damu huwa nzito na moyo hulazimika kuisukuma kwa nguvu zaidi. Kinachohofiwa ni damu kuganda ndani ya mishipa, jambo linaloweza kuleta kiharusi au kuziba mishipa ya mapafu.

Mwinuko na homoni

Kanieneo ya hewa mjini Johannesburg ni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na ile ya pwani. Figo huuhisi upungufu wa oksijeni na kutoa homoni ya erithropoietini, ambayo huuamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu zaidi. Ndiyo maana wakaazi wa miinuko, wakiwemo wale wa Nairobi, huwa na kiwango cha juu kidogo kuliko watu wa Durban au Mombasa.

Testosteroni nayo hupita njia hiyohiyo. Huongeza erithropoietini, na pia hupunguza hepcidini, homoni ya ini inayozuia madini ya chuma yasiingie kwa wingi katika damu. Uboho hupata amri na malighafi kwa pamoja. Sindano, ambazo hupandisha homoni kwa ghafla, huongeza chembe nyekundu zaidi kuliko dawa ya kupaka.

Mwongozo uliotolewa mwaka 2018 na Endocrine Society, chama cha kimataifa cha wataalamu wa homoni chenye makao yake Marekani, umeuzingatia mwinuko. Unashauri tiba isianzishwe iwapo hematokriti imepita asilimia 48, au asilimia 50 kwa wanaoishi katika nyanda za juu. Damu ipimwe kabla ya tiba, ipimwe tena baada ya miezi mitatu hadi sita, na baadaye kila mwaka. Ikipita asilimia 54, tiba isimamishwe hadi kiwango kishuke, kisha irejeshwe kwa kipimo kidogo.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023, uliowahusisha wanaume zaidi ya 5,000 wenye umri wa kati ya miaka 45 na 80, haukuona ongezeko la mshtuko wa moyo wala kiharusi kwa waliopaka testosteroni. Hata hivyo, kuziba kwa mishipa ya mapafu kulionekana kwa asilimia 0.9 yao, dhidi ya asilimia 0.5 ya waliopewa dawa bandia. Ikumbukwe kwamba wanaume hao walikuwa wakipimwa damu na kupunguziwa dawa ilipobidi.

Wanaojidunga kwa siri

Anayejidunga katika chumba cha kubadilishia nguo hana ulinzi huo. Nchini Afrika Kusini steroidi hizi haziruhusiwi kuuzwa bila ya cheti cha daktari, lakini tamaa ya misuli imezifikisha hata shuleni. Taasisi ya kupambana na dawa haramu michezoni, SAIDS, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, imekuwa ikiwapima vijana katika mashindano ya raga ya Craven Week.

Mwaka 2019 Aphiwe Dyantyi, wakati huo mchezaji wa klabu ya Lions ya Johannesburg na timu ya taifa, alikutwa na steroidi mwilini. Alikana kuzitumia kwa makusudi, lakini alifungiwa miaka minne.

Anayetumia kwa siri huogopa kumweleza daktari. Matokeo yake, dozi huwa kubwa kuliko ile ya tiba, na damu haipimwi kabisa.

Nini kifanyike?

Hatua ya kwanza ni kupima. Mtu anaweza kuwa na damu nzito bila ya kuhisi lolote. Wengine huumwa kichwa, huwa wekundu usoni au hupata kizunguzungu. Kwa kuwa upungufu wa maji mwilini hupandisha kipimo, ni vyema kunywa maji ya kutosha na kurudia kipimo kabla ya uamuzi.

Hatua ya pili ni kuondoa chanzo. Daktari anaweza kupunguza dozi, kuigawa sindano katika dozi ndogo za mara kwa mara, au kumhamishia mgonjwa katika dawa ya kupaka. Uvutaji wa sigara, na kukatika kwa pumzi usingizini kwa wanaokoroma sana, huongeza tatizo na havina budi kushughulikiwa.

Wengine hukimbilia kutoa damu. Chupa moja hushusha hematokriti kwa takriban asilimia tatu, lakini ikiwa dozi haijabadilika, kiwango hupanda tena. Kutoa damu mara kwa mara humaliza pia akiba ya chuma na kuleta uchovu. Aidha, aliyejidunga dawa bila ya agizo la daktari asiichangie benki ya damu, kwani sindano huweza kubeba virusi vya ukimwi na vya homa ya ini.

Chembe nyekundu huishi siku zipatazo 120, hivyo damu haiwi nyepesi siku ile mtu anapoacha dawa. Iwapo mguu mmoja utavimba na kuuma, pumzi itabana ghafla, au upande mmoja wa mwili utalegea, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe wazi ni dawa gani iliyotumika.