Saa 48, hata wakati wa vita

Mwezi wa 5 mwaka 2021, état de siège ilipoanza hapa Ituri, mimi nilipiga makofi, na sioni haya kusema. Tulikuwa tumechoka kuzika. Gavana akawa mwanajeshi, kesi za uhalifu za raia zikapelekwa mahakama ya kijeshi, na sisi ku mashimo tukasema: sasa Djugu itapona, barabara ya Komanda itapona.

Kilichofuata mnakijua. Mwezi wa 2, 2022, CODECO waliingia kambi ya wakimbizi ya Plaine Savo, wakaua watu zaidi ya 60. Mwezi wa 7, 2025, ADF wakaua waumini ndani ya kanisa kule Komanda. Sisemi askari hawafanyi kazi. Wengi wao wamekufa juu yetu. Nauliza tu: ni nani anamwona adui wa kwanza?

Ni mchimbaji. Yeye iko porini kabla jua halijatoka. Anaona nyayo ku mto, anaona mgeni ananunua mchele gunia tatu na dawa za vidonda. Mama anayetuuzia chakula ku shimo anaona mingi zaidi. Lakini hawasemi.

Kijana mmoja wa shimo letu alisema. Alienda mwenyewe kueleza kwamba ameona watu wenye silaha. Wakamuuliza: "Wewe unawajulia wapi?" Akalala kasho siku 19. Mama yake akauza mbuzi mbili ili atoke. Nilimuuliza kama siku ingine ataenda tena kusema. Akacheka tu. Tangu ile siku, ku shimo letu hakuna mtu anaona kitu.

Watu wananiambia: gaidi hana haki, achana na mambo ya sheria. Sawa, lakini kabla ya mwamuzi, nani anajua gaidi ni yupi? Wakati kijana yetu iko kasho, wale aliowaona wanalala porini na tumbo limeshiba.

Katiba yetu, kifungu cha 18, inasema garde à vue haipite saa 48. Ikipita, mtu aachiliwe au apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria. Kifungu cha 61 kinasema hata wakati wa état de siège kuna haki zisizoguswa: kutoteswa, kujitetea, kukata rufaa. Tena hakuna kufungwa juu ya deni, na ma-PDG wetu wasikie hiyo pia.

Kwa hiyo, mama, ndugu yako akikamatwa, usikimbilie kuuza mbuzi. Katiba inampa ruhusa ya kujulisha familia mara moja. Andika siku na saa aliyokamatwa, ku karatasi, si ku kichwa, na jina la pahali anapolala. Halafu uje kutuona sindika na ile karatasi, mapema, saa 48 hazijapita.