Damu Isiyo ya Siku Zake Si ya Kufichwa

Katika kambi za askari na polisi wa Uganda, mama aonaye matone ya damu kabla ya siku zake aghalabu hunyamaza. Humwonea haya mumewe, na huona kwamba kupanga foleni kituoni kwa ajili ya matone matatu ni kupoteza wakati. Mume naye, arudipo likizo na kuiona dalili hiyo, pengine hutafuta mkosaji badala ya kutafuta daktari. Kimya na tuhuma, vyote viwili huchelewesha tiba.

Yafaa kwanza ijulikane hedhi ya kawaida ni ipi. Tangu siku ya kwanza ya hedhi moja hadi siku ya kwanza ya ile inayofuata hupita siku 24 hadi 38 kwa wanawake walio wengi, na damu yenyewe haizidi siku 8. Matone yaonekanayo katikati ya vipindi hivyo, yawe mekundu au ya kahawia, si ugonjwa wenye jina. Ni dalili tu, kama homa ilivyo dalili, na chanzo chake chaweza kuwa chepesi au kizito.

SABABU NYEPESI

Baadhi ya wanawake huona matone kwa siku moja au mbili wakati yai linapotoka, yapata wiki mbili kabla ya hedhi ifuatayo. Wasichana walioanza hedhi karibuni, na akina mama wanaokaribia kukoma hedhi, nao huvurugikiwa na tarehe.

Sababu iliyo ya kawaida sana ni njia za uzazi wa majira. Sindano ya kila miezi 3, ambayo hutumiwa sana nchini Uganda, huleta matone yasiyo na mpango, hasa katika miezi ya mwanzo. Vijiti vya mkononi na kitanzi hufanya vivyo hivyo. Vidonge huleta matone katika miezi 3 ya kwanza, au mama asahaupo kuvimeza. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini nayo hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti. Kwa hiyo mwenye kuimeza amweleze muuguzi. Mama asiiache njia yake kwa hofu kabla ya kupata ushauri, maana huenda akapata mimba asiyoitarajia.

SABABU ZA KUANGALIWA

Kisonono na klamidia huweza kuwasha mlango wa kizazi hata ukatoa damu. Uvimbe katika mfuko wa uzazi huweza kufanya hivyo pia. Lakini damu inayotoka baada ya tendo la ndoa isipuuzwe hata mara moja, kwa kuwa yaweza kuwa dalili ya saratani ya mlango wa kizazi. Nchini Uganda saratani hiyo ndiyo inayoua wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote, ilhali ikiwahiwa hutibika. Kadhalika, mama aliyekwisha kukoma hedhi kwa miezi 12, kisha akaona damu tena, hata tone moja, aende akapimwe.

Kuna na hatari isiyongoja kesho. Mama aliyekosa hedhi, kisha akaona matone na kusikia maumivu makali ya tumbo, hasa upande mmoja, huenda ana mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Mrija ukipasuka, damu humwagika tumboni ndani kwa ndani, na kwa nje huonekana kidogo tu. Maumivu ya bega, kizunguzungu na kuzimia ni ishara kwamba apelekwe hospitali saa ile ile, ingawa ni usiku wa manane. Vivyo hivyo kwa mwenye mimba anayetokwa na damu, na kwa mama ambaye damu yake hulowesha pedi nzima kila saa kwa muda wa saa mbili.

TUHUMA HAZITIBU

Tangu mwaka 2007, askari wengi wa Uganda wamepelekwa kazini Somalia, mbali na wake zao kwa miezi mingi. Arudipo mume na kukuta damu isiyo ya siku zake, akumbuke kwamba damu hiyo si ushahidi wa uzinzi. Klamidia huweza kukaa mwilini kwa miezi bila dalili, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Virusi viletavyo saratani ya mlango wa kizazi huweza kukaa kwa miaka. Hakuna awezaye kuitazama damu na kutaja nani alianza, wala lini. Ugonjwa wa zinaa ukipatikana, mume na mke watibiwe pamoja. Akitibiwa mmoja, yule mwingine atamrudishia.

KITUONI

Mama aweke alama kwenye kalenda kila siku aonapo damu. Amwambie muuguzi tarehe, kiasi, maumivu, dawa anazotumia, na kama damu hufuata tendo la ndoa. Atapimwa mkojo kuona kama ana mimba, na mlango wa kizazi utatazamwa. Asijioshe ukeni kwa sabuni wala majani, na asinunue vidonge dukani kwa kubahatisha.

Wasio na dalili nao wasingoje damu. Katika kipimo cha siki, mlango wa kizazi hupakwa siki nyepesi, na baada ya dakika moja hivi mahali palipoanza kubadilika huonekana peupe, pakatibiwa kabla hapajawa saratani. Wenye virusi vya Ukimwi waanze kupimwa mapema, tangu umri wa miaka 25. Kwa mabinti, Uganda ilianza mwaka 2015 kuwachanja wa miaka 10 nchini kote dhidi ya virusi vya saratani hiyo; wazazi wasiwafiche watoto wao.

Mama akisema mapema, mume akatoa nauli badala ya maneno makali, matone mengi yatakuwa ya kuelezwa na kusahauliwa. Na yale machache yaliyo ya hatari yatapata tiba ingali na nguvu.