Pingili Kumi na Mbili

Makatapila makubwa ya LEGO Technic mara nyingi huja na mnyororo usioungwa: pingili za plastiki, moja moja, unazibana hadi vidole viwake moto. Mtoto huzivalisha magurudumuni akaenda zake kusukuma mchanga. Mimi huomba nikopeshwe kumi na mbili.

Ziunge ziwe kitanzi, ukilaze mezani, ukinyooshe kwa rula kiwe mstatili. Tano kwa moja: ndani inaenea miraba mitano, kila upande wa mraba ukiwa urefu wa pingili moja. Nne kwa mbili, minane. Tatu kwa tatu, tisa. Hujaongeza pingili hata moja, ila uwanja umetanuka. Sasa weka rula kando, sukuma viungo vyote nje hadi kitanzi kikaribie duara. Unapata kama miraba 11.2. Mwenye senyenge chache na kuku wengi aliangalie hilo.

Jaribu pia pembetatu ya tatu, nne na tano. Fundi mwashi atatabasamu, maana ndicho kipimo chake: futi 3 upande huu, 4 upande ule, kamba ya mshazari ikisoma 5, basi kona ya msingi imekaa sawa. Uwanja wake, miraba sita tu.

Pembetatu hiyo huenda ikakugomea. Kwenye karatasi kona hupinda upendavyo, lakini pingili ina mwili. Shika mbili, zikunje polepole hadi zigongane, kisha pima zimegeuka nyuzi ngapi kutoka mstari ulionyooka. Ili kitanzi kifunge, migeuko yote lazima ifike 360. Zikikwama kwenye 60, kitanzi kidogo kabisa ni cha pingili sita. Kwenye 45, nane. Kona ya mstatili inadai 90 kwa kiungo kimoja, na ile kali zaidi ya pembetatu yetu inadai karibu 143. Zisipofika, kona inakatwa na hesabu ya miraba inaharibika.

Nyota ndiyo sumbufu kuliko zote, kwa kuwa inataka kona za kuingia na za kutoka, na pingili zenye mgongo mpana wa kukanyagia hugongana mapema zikikunjwa kinyume. Yangu ya juzi ilifyatuka, pingili moja ikapotelea chini ya kabati. Kwa kumi na moja zilizobaki sipati mstatili wowote: pande zinazotazamana hulingana, kwa hiyo jumla yake haiwi witiri.