Barolo (divai)

Barolo ni divai nyekundu kutoka vilima vya Langhe katika mkoa wa Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia. Jina limetokana na kijiji cha Barolo. Hutengenezwa kwa zabibu za aina ya Nebbiolo pekee.

Rangi yake ni hafifu, lakini ikiwa changa ina uchachu na ukakasi mwingi. Kwa hiyo sheria inadai ikomazwe angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa, ikiwemo miezi 18 katika mapipa ya mbao. Ikizeeka hulainika, na harufu yake hufananishwa na waridi na lami.

Katika miaka ya 1980 na 1990 watengenezaji waligawanyika: wengine walichukua mapipa madogo mapya ili divai inyweke mapema, wengine walibaki na mapipa makubwa ya jadi. Hadi leo njia zote mbili hutumika.