Pointi 50 za Chamberlain, pointi 36 za Harden: nani alifunga zaidi?



Vijana wawili wakianza kubishana juu ya basketi, mwisho wake tunaujua. Mmoja anatoa simu, anasoma: Wilt Chamberlain, msimu wa 1961-62, wastani wa pointi 50,4 kwa mechi. Anaweka simu mfukoni, eti mjadala umekwisha. Mwingine anajibu kwamba watu wa zamani walikuwa wanacheza kama mchezo wa watoto, namba zao hazina maana. Naye anaona amemaliza. Mimi naona wote wawili wamekimbia kazi, na kazi yenyewe si ngumu. Ni hesabu ya darasa la sita.

Kwa mambo ya pesa, hakuna Mkongomani anayeweza kudanganywa hivyo. Zaire ilipotoka mwaka 1967, zaire moja ilikuwa na thamani ya dola mbili. Mwaka 1993, watu walipaswa kutoa zaire milioni tatu za zamani ili wapate moja mpya. Sasa mzee akikuambia kwamba mshahara wake wa kwanza ulikuwa zaire kadhaa, swali lako la kwanza njo hili: za mwaka gani? Pointi za basketi nazo ni vilevile. Zina mwaka wake, na kila mwaka una bei yake.

Nachukua misimu minne ya NBA inayorudi kila siku katika mabishano. Wilt Chamberlain wa Philadelphia Warriors, 1961-62: pointi 50,4. Michael Jordan wa Chicago Bulls, 1986-87: pointi 37,1. Kobe Bryant wa Los Angeles Lakers, 2005-06: pointi 35,4. James Harden wa Houston Rockets, 2018-19: pointi 36,1. Ukisoma hivi tu, Wilt amewaacha mbali sana.

Lakini tuangalie soko la kila mwaka. Mwaka 1961-62, ekipe moja ilikuwa inafunga wastani wa pointi 118,8 kwa mechi. Mwaka 1986-87 ni 109,9. Mwaka 2005-06 zilishuka hadi 97,0. Mwaka 2018-19 zikapanda tena, 111,2.

Kwa nini zilikuwa nyingi hivyo zamani, na mstari wa pointi tatu haukuwepo? (NBA iliuweka mwaka 1979 tu.) Juu walikuwa wanakimbia bila kupumzika. Historia yake ni tamu kidogo. Mnamo Novemba 1950, Fort Wayne walishinda Minneapolis kwa 19 kwa 18, mechi nzima. Mtu akishaongoza, alikuwa anashika mpira tu, anaufinyanga mpaka watazamaji wanachoka. Mwaka 1954, Danny Biasone, mwenye ekipe ya Syracuse, akaleta saa ya sekunde 24. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: mechi nzuri ina mitupo kama 60 kwa kila upande, jumla 120, mechi ina dakika 48, yaani sekunde 2880, gawanya kwa 120, unapata 24. Kutoka hapo watu wakaanza kukimbia kama wanafukuzwa. Katika msimu ule wa Wilt, kila ekipe ilikuwa inatupa mpira kwenye kikapu karibu mara 108 kwa mechi. Mwaka 2018-19 ilikuwa kama mara 89. Na zamani walikuwa wanakosa sana: mitupo iliyoingia ilikuwa 42,6 kwa mia. Mpira unarudi, wanakimbia tena, wanatupa tena.

Ndiyo maana msimu ule ulijaa namba za ajabu. Elgin Baylor alikuwa na wastani wa pointi 38,3, katika mechi 48 tu, juu alikuwa anatumikia jeshi. Walt Bellamy, mwaka wake wa kwanza kabisa, alikuwa na 31,6. Oscar Robertson 30,8, pamoja na ribaundi na pasi zaidi ya kumi kila mechi. Wote mwaka mmoja, katika ligi ya ekipe tisa. Ukiona watu wengi wametajirika mwaka mmoja, uliza kwanza kama pesa haijashuka bei.

Kitu cha pili ni dakika. Harden alikuwa anacheza dakika 36,8 kwa mechi. Jordan 40,0. Kobe 41,0. Wilt alicheza 48,5! Ndiyo, mechi ina dakika 48. Zile za juu ni za muda wa nyongeza. Msimu mzima alikosa dakika nane tu, na hizo ni juu mwamuzi alimfukuza uwanjani.

Haya, sasa tubadilishe pesa. Chukua pointi za mchezaji, gawanya kwa dakika zake, zidisha kwa 36, ili wote wawe na muda sawa. Halafu zidisha kwa 111,2 na ugawanye kwa wastani wa ekipe wa mwaka wake, ili wote waingie katika soko la 2018-19. Nilichopata mimi:

Wilt 35,0. Jordan 33,8. Kobe 35,6. Harden 35,3.

Angalia vizuri. Tofauti ya pointi 15 kati ya Wilt na Kobe imeyeyuka. Watu wanne, miaka karibu 60, sheria zilizobadilika mara nyingi, na kati ya wa kwanza na wa mwisho hakuna hata pointi mbili. Mimi naona hapo kuna kitu kama mpaka wa mwili wa binadamu: mtu mmoja, hata akiwa nani, ndani ya ekipe ya watu watano, anaweza kubeba mzigo hadi pale tu.

Wapenzi wa Wilt watasema nimewaibia. Wana haki kwa sehemu. Hesabu yangu inamhukumu mtu kwa kosa la kutochoka. Kubaki uwanjani dakika zote, mechi 80, ukiwa na kilo zaidi ya mia moja na watu wanakuning'inia mabegani, hiyo nayo ni kipaji. Mtu akiamua kuacha dakika pembeni na kubadilisha soko tu, Wilt anabaki na pointi 47 kwa bei ya 2018-19, Kobe anapanda mpaka karibu 41, Jordan anakuja 37 na nusu, Harden anabaki palepale. Kwa hiyo kwanza uamue unapima nini: ukali wa mtu akiwa uwanjani, ama kazi yote aliyoifanyia ekipe. Ni maswali mawili, na vijana wetu wanapigana juu mmoja anajibu hili, mwingine anajibu lile.

Kuna pia bei ya kila mtupo. Mtu anaweza kufunga pointi nyingi juu anatupa nyingi, na wenzake wanamtazama. Wilt alikuwa anatupa karibu mara 40 kwa mechi, lakini aliingiza 50,6 kwa mia, wakati ligi ilikuwa kwenye 42,6. Hapo simchezei hata kidogo, huyo alikuwa juu sana ya wastani wa ligi. Udhaifu wake ulikuwa mitupo huru, 61 kwa mia tu. Harden ukimtazama kwa asilimia ya kawaida utamdharau: 44,2. Lakini karibu mitupo mitano yake kwa kila mechi iliingia kutoka mstari wa pointi tatu, na alikuwa anapewa mitupo huru 11. Ukihesabu vyote pamoja, kila jaribio lake lilikuwa linalipa kuliko la wale wengine watatu. Wengi hawapendi kumuangalia, wanasema anawatafuta waamuzi. Mimi pia simpendi sana. Hesabu haijali.

Njia hiyohiyo inasaidia kwa zile mechi mbili maarufu. Tarehe 2 Machi 1962, katika mji wa Hershey, Wilt alifunga pointi 100 dhidi ya New York. Tarehe 22 Januari 2006, Kobe alifunga 81 dhidi ya Toronto. Mechi ya Wilt iliisha 169 kwa 147. Ya Kobe 122 kwa 104. Kwa hiyo Wilt alifunga 59 kwa mia ya pointi za ekipe yake, Kobe 66 kwa mia. Na mwishoni kule Hershey, wenzake Wilt walikuwa wanawachezea New York rafu kwa makusudi ili mpira urudi haraka apate nyingine. Video ya mechi ile haipo. Imebaki sauti ya redio ya sehemu ya mwisho. Kwa mechi moja, mimi nachagua Kobe bila kusita.

Kuna kitu kimoja ambacho hakina bei ya kubadilishia: wapinzani. Mtu mweusi alianza kucheza NBA mwaka 1950 tu, na Wilt alikuta nafasi za weusi bado zinahesabiwa kimyakimya. Wachezaji kutoka nje ya Marekani karibu hawakuwepo. Harden alikuta ekipe 30 na wageni zaidi ya mia moja. Dikembe Mutombo wetu wa Kinshasa aliingia mwaka 1991, akawa ukuta wa kuzuia mitupo. Wilt hakuwahi kukutana na mtu wa namna hiyo aliyetoka ng'ambo ya bahari. Alikutana na Bill Russell, ni kweli, na Russell alimtosha.

Maana kati ya misimu hii minne, hakuna hata mmoja uliomalizika na ubingwa, na hakuna hata mmoja kati ya hawa wanne aliyeitwa mchezaji bora wa mwaka ule. Mwaka 1987 alikuwa Magic Johnson, 2006 Steve Nash, 2019 Giannis Antetokounmpo. Na mwaka 1962, wakati kura zilikuwa zinapigwa na wachezaji wenyewe, walimpita mtu wa pointi 50 wakampa Russell, mwenye pointi 18,9. Halafu Boston ya Russell ikaitoa Philadelphia ya Wilt katika mechi ya saba, 109 kwa 107.